Mkoba wa Mvuvi na Jinsi ya Kuuchagua



Wazee wetu walisema, "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi." Maana yake, mzigo uchukuliwao na mtu mwingine huonekana mwepesi machoni petu, kama kanda lililojazwa usufi, lakini aubebaye ndiye aujuaye uzito wake. Leo twataka kuzungumza juu ya mzigo mmoja mdogo, ambao watu wengi hawaufikirii hata kidogo mpaka siku ile uwatiapo taabuni, nao ni mzigo wa zana za mvuvi wa mshipi. Azichukue zana zake katika nini? Katika kizibao chenye mifuko? Katika shanta ya mgongoni? Katika mkoba wa begani? Au katika mkoba wa ukindu, kama walivyofanya babu zake? Jambo hili laonekana dogo, lakini katika mto kama Rufiji laweza kuwa tofauti baina ya mtu kurudi kwake jioni na kutorudi.

MTO NA UVUVI WAKE

Mkongo ni kijiji kilicho upande wa kaskazini wa mto Rufiji, katika njia itokayo Kibiti kwenda Mloka na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mto huu huzaliwa pale Kilombero na Luwegu zikutanapo. Kisha Ruaha Mkuu huingia ndani yake, na maji yote hayo huteremka mpaka baharini, kwenye mikoko ya delta ambayo eneo lake ni karibu hekta 53,000. Kando ya mto yako maziwa na mabwawa yajazwayo na mafuriko, na humo watu huvua perege na kambale. Bwawa kubwa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji mwezi wa Desemba 2022, na watu wengine walidhani kuwa tangu siku hiyo mto umekuwa mpole. Lakini mwezi wa Aprili 2024 maji yaliingia tena katika mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti. Basi yafaa tuuheshimu mto huu kama tumheshimuvyo mzee ambaye hatujui ameamkaje leo.

Uvuvi wa watu wa Rufiji ni wa nyavu, wa mitego, na wa mshipi na ndoana. Lakini uko uvuvi mwingine uliotoka nchi za mbali, nao ni uvuvi wa chambo cha manyoya. Mvuvi wake hatumii mnyoo wala dagaa. Hufunga manyoya na nyuzi juu ya ndoana mpaka ifanane na mdudu au na samaki mdogo. Na kwa kuwa chambo hicho ni chepesi mno, hakiwezi kutupwa kwa uzito wake. Mshipi wenyewe, ambao ni mnene, ndio ukichukuao. Mvuvi hurusha ufito wake nyuma na mbele mara kadhaa, mshipi ukapita hewani juu ya kichwa chake, kisha huuacha uende. Aufanyapo uvuvi huu mikono yake yote miwili ina kazi, na mabega yake hayana budi kuwa huru.

Uvuvi huu haupo mbali nasi. Katika mito ya Mnyera na Ruhuji, ambayo maji yake huingia Kilombero na hatimaye hupita hapa Mkongo, wageni wamekuwa wakija kutoka nchi za ng'ambo kumvua yule samaki wa jamii ya Hydrocynus, mwenye meno marefu makali yaonekanayo hata afungapo kinywa. Wageni hao huhitaji wenye kuwaongoza, wenye kuendesha mashua, na wenye kuchukua zana. Kijana wa Rufiji aujuaye mto aweza kuifanya kazi hiyo vizuri kuliko mtu atokaye mbali. Lakini akitaka kujiweka tayari, jambo la kwanza atakaloshawishiwa kununua ni kile kizibao chenye mifuko mingi, kwa kuwa ndicho akionacho katika picha za wavuvi. Kabla hajatoa fedha yake, na asikilize kwanza.

KIZIBAO KILITOKA WAPI?

Zamani wavuvi wa Ulaya walichukua zana na samaki wao katika kikapu kilichosukwa kwa fito za mierebi, kilichoning'inizwa begani. Mwaka 1931 Mmarekani mmoja, jina lake Lee Wulff, alishona kizibao chenye mifuko mingi kifuani, na ndiye asifiwaye kuwa mwanzilishi wa vazi hilo. Akili yake ilikuwa njema. Mvuvi wa kwao husimama ndani ya maji ya baridi yafikayo magotini au kiunoni, naye hana mahali pa kuweka kitu chini. Basi ni lazima kila kitu kiwe juu ya kifua chake, juu ya maji, karibu na mikono.

Vazi hilo lafaa sana katika vijito vya milimani. Katika Kenya, samaki wa maji baridi aitwaye trauti aliletwa mwaka 1905, na katika mito kama ile mvuvi aweza kusimama majini asubuhi nzima bila hofu kubwa. Lakini Rufiji si kijito cha mlimani. Hapa mna mamba na viboko, na mtu mwenye akili hasimami majini kutwa akiwapa mgongo. Huvua akiwa juu ya ukingo mrefu, au ndani ya mtumbwi, au ndani ya mashua. Kwa hiyo ile sababu ya kwanza iliyokizaa kizibao haiko kwetu. Hatusemi kwamba kizibao hakifai. Twasema kwamba mtu asivae dawa ya ugonjwa asiokuwa nao.

SWALI LA KWANZA: UTASIMAMA WAPI?

Kabla ya kuuliza bei, jiulize utavulia wapi.

Ikiwa utavua ukingoni, wataka kitu kikaacho mwilini mwako wakati wote. Sababu yake ni hii: mtu awekaye mkoba chini karibu na maji, kisha akauinamia kila mara atakapo ndoana nyingine, huinama mara nyingi mahali pale pale, na mamba hujua kungoja. Tena kiboko hutoka majini jioni kwenda malishoni, naye hapendi kumkuta mtu katika njia yake. Siku hiyo hutakuwa na nafasi ya kukusanya vitu vilivyotapanyika majanini. Mvuvi wa ukingoni na awe kama mtu aliye tayari kuondoka.

Ikiwa utavua katika mtumbwi, mambo yageuka. Huko mzigo uliofungwa mwilini ni hatari, kwa sababu mtumbwi hupinduka. Mkoba na ukae ndani ya mtumbwi, umefungwa kwa kamba, ili chombo kikipinduka mkoba ubaki na chombo, nawe uwe huru na nafsi yako.

Na ikiwa utavua katika delta, kwenye maji ya chumvi, umwinde kolekole au mkizi, jua kwamba adui mkubwa wa zana zako ni chumvi. Hapo utatazama bizimu na zipu kabla ya kutazama mifuko.

VITU VINNE VYA KUCHAGUA

Cha kwanza ni kizibao. Uzuri wake ni kwamba uzito hugawanyika mabegani pande zote mbili, na kila kitu kina mfuko wake. Hata gizani mkono hujua pa kwenda. Ubaya wake ni joto. Katika bonde la Rufiji, mtu aliyevaa nguo mbili kifuani wakati wa adhuhuri huchoka kabla ya samaki kuamka. Ukikitaka, chagua chenye mgongo wa wavu upitishao upepo. Tena jihadhari na mifuko. Mtu apewaye mifuko 20 hupata vitu 20 vya kuitia, na nusu yake hatavitumia mwaka mzima.

Cha pili ni shanta ya mgongoni. Hii ndiyo ifaayo kwa safari ndefu ya miguu, kwa maana huchukua maji, chakula na nguo ya mvua. Zamani, kabla ya reli na motokaa, wapagazi wa nchi hii walichukua mizigo ya karibu frasila 2 kila mmoja, wengi wao kichwani au begani. Walijua jambo ambalo shanta yatukumbusha: mzigo ukaao karibu na mwili, usiotikisika, ni mwepesi kuliko mzigo uning'iniao, hata mizani ikisema ni sawa. Lakini shanta ina aibu yake. Ukitaka kitu kidogo lazima uivue, uiweke chini, uifungue na kuichakura. Basi shanta na iwe ya njiani, isiwe ya kuvulia.

Cha tatu ni mkoba wa begani wenye ukanda mmoja mrefu. Ni wa bei nafuu, na fundi cherehani wa Kibiti aweza kuushona kwa turubai. Huvutwa mbele mtu atakapo kitu, na kusukumwa nyuma arushapo mshipi. Ila huteleza mbele wakati wa kuinama, na ukanda wake hukata bega moja mtu akijaza vitu vingi. Na ukanda huo, upitao shingoni na kifuani, ndio tutakaousema zaidi hivi punde.

Cha nne ni mfuko wa kiunoni. Huu huacha mabega huru kabisa, hivyo wapendeza kwa mtu arushaye mshipi mara nyingi. Huchukua vitu vichache, na hiyo ni sifa, si kasoro. Lakini ukaapo chini mtumbwini hubana tumbo, na mtu aingiapo majini hata kiunoni tu hulowa kwanza kuliko kitu kingine.

Tusiusahau mkoba wetu wa ukindu. Hupitisha hewa, hauna chuma cha kushika kutu, ni mwepesi, na mtu aweza kuusuka nyumbani bila kutoa fedha nyingi. Kasoro zake ni mbili: ndoana zilizo wazi hunasa katika nyuzi zake, na ukiachwa na unyevu huoza. Zote mbili zina dawa. Tia ndoana katika kikopo chenye kifuniko, na uuanike mkoba kila jioni. Tulipokuwa Mkongo tulimwona mzee mmoja aliyekuwa na mkoba wa namna hiyo ndani ya mtumbwi wake, ameufunga kwa kamba fupi. Tulipomwuliza kwa nini haufungi mwilini asije akaupoteza, alitujibu kwa upole kwamba mkoba waweza kusukwa tena. Hatukuwa na swali la pili.

MAJI NA MIKANDA

Sasa twafika katika jambo lenyewe. Watu wengi husema kwamba mkoba ukijaa maji humzamisha mtu kwa uzito wa maji hayo. Si hivyo hasa. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1 nchi kavu, lakini maji yaliyo ndani ya maji hayana uzito wa kuvuta chini. Vinavyovuta chini ni vyuma: koleo, kisu, risasi za mshipi. Hatari ya maji yaliyo mkobani ni nyingine, tena ni mbili. Kwanza, mkoba uliojaa maji huzuia mwendo wa mtu aogeleaye, kama tanga lililofunguliwa chini ya maji, na mkondo wa mto huushika na kumpeleka utakako. Pili, mtu ajaribupo kupanda mtumbwini au ukingoni, ndipo maji yale yapatapo uzito wote, na hapo mikono iliyochoka hushindwa.

Kwa hiyo kanuni ni hii: usivae kitu usichoweza kukivua kwa mkono mmoja, ukiwa umefumba macho, kabla ya kuhesabu tatu. Ukanda wenye bizimu ya kubonyeza hupita ukanda uliofungwa fundo. Kizibao chenye zipu moja mbele hupita chenye vifungo vitano. Ukanda wa mkoba usizungushwe mara mbili shingoni, wala usivaliwe chini ya nguo nyingine.

Na jaketi la kuokolea huja kwanza kuliko yote. Likivaliwa, lisifunikwe na kizibao, wala lisibanwe na mikanda ya shanta. Maana jaketi lililobanwa ni kama mlango uliopigwa misumari siku ya moto. Hapa twarudi kwa usufi wetu. Zamani jaketi za mabaharia zilijazwa usufi, kwa sababu kila unyuzi wake una hewa ndani na nta nje, nao hauloi upesi. Basi kanda la usufi, ambalo wazee walilifanya mfano wa mzigo mwepesi, limepata kuokoa watu baharini. Hali kadhalika mvuvi na achague mzigo utakaomsaidia, asichague utakaomshitaki.

RANGI, NGUO NA VYUMA

Wengine huchagua rangi kwa kupendeza. Katika bonde hili rangi ina neno zaidi. Mbung'o huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego ya kuwanasa hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Mtu avaaye shanta ya buluu katika pori la mbung'o amejifanya mtego bila ya kutaka. Chagua kaki, au rangi ya udongo, au ya majani makavu.

Katika nguo, turubai ina nguvu na haipasuki upesi kwa miiba, lakini ikilowa huwa nzito na hukawia kukauka. Nailoni ni nyepesi na hukauka upesi, ila cheche ya moto huitoboa. Kwa mtu wa mtoni twaona nailoni nene yafaa. Kwa mtu asiye na fedha nyingi, turubai iliyoshonwa mishono miwili yamtosha kabisa. Chini ya mkoba patobolewe matundu madogo, maji yaliyoingia yapate kutoka.

Zipu ya chuma katika maji ya chumvi hushika kutu na kukwama. Tafuta zipu ya plastiki yenye meno makubwa, au kifuniko chenye kishikizo cha mti. Kila urudipo kutoka delta, suuza mkoba wako kwa maji yasiyo na chumvi, kisha uanike kivulini.

NINI KITIWE NDANI?

Mzigo mwema huanza na kutoa, si kutia. Kwa siku moja mvuvi wa chambo cha manyoya ahitaji kikopo kimoja cha vyambo, mshipi wa akiba, waya mwembamba wa kufungia ndoana kwa sababu ya meno ya samaki, koleo ndogo ya kutolea ndoana, kisu kifungikacho, kitambaa safi na dawa ya jeraha, na maji ya kunywa. Vyote hivyo, pamoja na lita 1 ya maji, vyaweza kukaa chini ya kilo 3. Vikizidi sana hapo, vitazame tena kimoja kimoja. Ndoana zisipachikwe nje ya kizibao pasipo kufunikwa. Mtumbwini mwenzio hukaa karibu, na jicho halina la pili sokoni. Na tusisahau karatasi moja isiyo na uzito: leseni. Sheria ya Uvuvi ni ya mwaka 2003, na mtu asiingie na zana zake katika eneo la hifadhi bila ruhusa.

JARIBIO LA KABLA YA KUNUNUA

Usinunue kitu kwa kukitazama tu ukutani. Mwombe mwenye duka akuache ukijaribu. Tia ndani vitu vyenye uzito sawa na zana zako; hata mawe yatafaa. Kivae. Keti juu ya kigoda kifupi kama mtu aliye mtumbwini, uone kama kinakubana. Inama, uone kama kinakuangukia usoni. Shika fimbo, uirushe nyuma na mbele mara 20, uone kama kiwiko chako kinagonga mfuko. Mwisho fumba macho, ukivue kwa mkono mmoja huku mwenzako akihesabu. Akifika tatu nawe bado umo ndani, kirudishe, hata kikiwa kizuri namna gani, hata kikiwa cha bei nafuu namna gani.

Watu watakucheka dukani. Waache wacheke. Kijana aliyeweka akiba miezi mingi apate kuanza kazi ya kuongoza wavuvi, fedha yake ni jasho lake, na uhai wake ni wa mama yake pia. Afadhali kuchekwa dukani kuliko kuliliwa mtoni.

Basi, wasikilizaji wetu, tukifupisha maneno: mtu wa ukingoni na achague mfuko wa kiunoni au kizibao chepesi, mtu wa mtumbwini na achague mkoba uliofungwa chomboni, uwe wa turubai au wa ukindu, mwenye safari ndefu na awe na shanta ya njiani, na kila mmoja aweze kuuvua mzigo wake kabla ya tatu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini huu ni wako, na wewe ndiwe utakayekuwa nao majini.

Kwa leo twaishia hapa. Kwaherini.